HGL mnaoanza, choreni ramani kabla ya kukariri wafalme

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha tano HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kuna kitu mi nilikijua nimeshachelewa. Ile topiki ya falme za biashara za kale Afrika Magharibi niliipigia msuli kwa madesa, Ghana Mali Songhai, nani alitawala lini, afu kwenye pepa likaja swali kwa nini zilichipuka pale na si kwingine, nikajaza karatasi nzima majina ya wafalme. Iliniuma sana, maana jibu lilikuwa kwenye jiografia niliyokuwa naisoma wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo chukua karatasi tupu. Chora Afrika Magharibi kwa mikanda, juu Sahara, chini yake Saheli, afu savana, mwisho msitu. Chumvi iweke Taghaza, katikati ya jangwa kabisa (Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita 1352 akakuta nyumba na msikiti vimejengwa kwa matofali ya chumvi, paa ni ngozi za ngamia), dhahabu iweke chini, kwenye machimbo ya Bambuk na Bure. Sasa jiulize mzigo unabadilishiwa mnyama wapi. Ngamia ukimshusha mpaka kwenye mbung'o anakufa, punda naye jangwa lote halimalizi, lazima wapokezane katikati, na aliyeshika hapo katikati ndo anakula ushuru. Al-Bakri, mwanajiografia wa Kiarabu, aliandika 1068 kwamba mfalme wa Ghana alitoza dinari moja ya dhahabu kwa kila punda mwenye shehena ya chumvi anayeingia, na dinari mbili akitoka nayo. Ukishaona hivyo huna haja ya kukariri sababu sita za kukua kwa Ghana, unazisoma kwenye mchoro wako mwenyewe. Timbuktu hivyohivyo, ipo pale mto Niger unapopanda kuligusa jangwa, ngamia na mtumbwi wanakutana.

Afu jamani Ghana ya kale siyo hii ya Accra. Kumbi Saleh, mji unaotajwa kuwa makao yake, magofu yake yapo kusini mwa Mauritania, na Ghana ya leo ilichukua hilo jina ilipopata uhuru 1957. Nimeona watu wazuri kabisa darasani wanapoteza maksi hapo.

Ukimaliza huko rudi kwetu ufanye hivyohivyo na Kilwa, ila badala ya ngamia weka upepo. Chombo kinatoka Uarabuni na kaskazi, kinatakiwa kirudi na kusi, sasa ukilazimisha kushuka mpaka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, msimu unakuishia njiani, ndo maana dhahabu ya bara kule Zimbabwe ilitolewa Sofala ikapandishwa na vyombo vya huku mpaka Kilwa, wageni wanaikuta hapo. Kama una ndugu mvuvi Mtwara au Lindi mpigie umuulize kaskazi inaanza mwezi gani na kusi inashika lini, andika miezi hiyo pembeni ya ramani kabla hujafungua desa.