Mchanga umepungua, manila haina hatia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wametengeneza piramidi za manila zenye kitako cha mraba wa sm 10 na kimo cha sm 12, pamoja na boksi lililo wazi juu lenye vipimo hivyo hivyo. Nilitaka waone kwamba piramidi tatu za mchanga hujaza boksi moja. Mchanga umeishia kama sentimita moja chini ya ukingo. Mwenzangu anasema ni unene wa manila na gundi, hivyo tujaze piramidi mpaka ziwe na kichuguu, hesabu itimie. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Sina haja ya kuziona piramidi zenyewe. Kimo chake ni sm 10.9, si 12.

Wanafunzi walichora mraba, kisha juu ya kila upande wakasimamisha pembetatu yenye urefu wa sm 12, kwa sababu ndiyo namba iliyokuwa ubaoni. Lakini pembetatu hiyo ikikunjwa haisimami wima. Inaegemea ndani hadi ncha yake ifike juu ya katikati ya kitako, sm 5 kutoka ukingoni. Ile 12 sasa ni mteremko wa ubavu, na kimo ni kipeuo cha pili cha 144 − 25, yaani cha 119. Ujazo wa piramidi kama hiyo ni sm za ujazo 364 hivi badala ya 400. Mara tatu ni 1,091, na boksi linachukua 1,200. Gawa pungufu la 109 kwa kitako chenye eneo la 100, unapata sm 1.09. Ndiyo sentimita yenu hiyo.

Ubavu ulitakiwa uwe sm 13, maana 5, 12 na 13 zinakwenda pamoja. Ule mshazari wa kona, unaotoka kilele hadi pembe ya kitako, utakuwa sm 13.9, mkiupima kabla ya kupaka gundi mtajua mapema kama wavu, yaani mchoro bapa unaokunjwa kuwa umbo, umechorwa sawa. Mwanafunzi asiyeelewa tofauti, mwambie achore pembetatu za urefu wa sm 5 kwenye mraba ule ule. Akikunja, zitalala bapa kama mgongo wa bahasha. Urefu upo, kimo ni sifuri. Kwenye pia, lile umbo lenye kitako cha duara na ncha moja, kosa ni hili hili: nusukipenyo cha kipande cha duara unachokata ni mteremko.

Hizo mlizonazo msizitupe. Lipunguzeni boksi kwa wembe hadi sm 10.9, mimineni tena mchanga mkavu, safari hii mkisawazisha kila piramidi kwa rula, muone.

Sasa hili la gundi, ambalo limenichosha. Unene wa manila haufiki nusu milimita, tena boksi nalo ni la manila hiyo hiyo. Kila mara hesabu ikikataa, gundi ndiyo inashtakiwa, na dawa inayotolewa ni kichuguu. Huyo anayekushauri kichuguu anawafundisha watoto kughushi jaribio, na wao wanaona. Mchanga ulikuwa umewapa jibu sahihi kabisa kuhusu umbo walilolitengeneza, mlitaka kuunyamazisha.

Wengine wamekwepa shida hii kwa njia mbaya zaidi: wananunua. Steshenari nyingi zinauza nyavu zilizokwisha chorwa, na kuna mafundi wanaokutengenezea seti nzima, imepakwa rangi, kona zimenyooka. Mchemraba karibu kila mara ni ule wa msalaba, hadi mtoto anamaliza shule akidhani hakuna wavu mwingine, wakati ziko 11. Kisha karatasi ya A3 inapunguzwa iingie A4 kwenye mashine ya fotokopi, na kandoni bado imeandikwa sm 10. Upande wa kweli ni sm 7.1. Umbo linafunga vizuri, hakuna anayeshtuka, ila ujazo umeshuka hadi kama asilimia 35 ya ule ulioandikwa. Na penye mwanya, solotepu. Ubavu mmoja ukizidi, mkasi. Ukishapunguza ubavu ili ufunge, umefuta kosa ambalo lingekuonyesha kipimo gani kilichorwa vibaya.

Ndiyo maana umbo maridadi lililopangwa rafuni kusubiri mkaguzi huwa nalitilia shaka kuliko lile lililopinda, lenye alama za penseli na mikunjo iliyopitishwa kalamu iliyoisha wino. Mwanafunzi akikuletea piramidi nzuri mno, mpe rula, mwambie atafute kimo chake bila kuitoboa.