Mawese ya Kyela ni somo tosha la maada

Wazazi wenzangu wa huku Nyanda za Juu, mtoto akirudi na daftari limeandikwa maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi, msianze kumkaririsha. Atakariri vizuri tu, halafu umuulize hewa nayo ni maada? Anabaki anakuangalia. Wangu nilimpa glasi, tukabana karatasi kavu kule ndani chini kabisa, akaizamisha kichwa chini miguu juu kwenye ndoo ya maji, wima bila kuiinamisha. Karatasi ikatoka kavu. Hapo hewa kuchukua nafasi kaiona mwenyewe.

Ila somo ninalolipenda kuliko yote ni mawese. Kyela iko chini kule ziwani, joto, mafuta yanamiminika vizuri tu, ukiyapandisha Mbeya mjini mwezi wa sita asubuhi unakuta yameganda kwenye chupa, na mara nyingi chini mazito juu yamebaki mepesi kwa sababu yale ni mchanganyiko wa mafuta ya aina nyingi, hayagandi yote kwa pamoja kama maji yanavyoganda kwenye nyuzi 0. Muulize mtoto kwanza, yakiganda yanakuwa mazito zaidi kwenye mzani? Wengi watasema ndiyo. Mwache abishe, msimkatishe. Kisha pimeni chupa imefungwa, iwekeni kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu mpaka yayeyuke, ifuteni, pimeni tena. Uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni hali, kitu chenyewe hakijaongezeka wala kupungua, na hilo jambo mtoto akilishika mapema mengine yote yanamteremkia.

Jiandaeni pia na swali la unga, maana litakuja tu. Unga unamwagika, unafuata umbo la bakuli, sasa si kimiminika? Swali zuri sana hilo, msimfokee. Mwambie amwage unga mezani halafu amwage na maji. Unga unasimama kilima, maji yanatambaa. Kisha achukue mchele, aangalie punje moja moja, kila punje ina umbo lake haliachii hata uihamishie kikombe gani. Unga nao ni hivyo hivyo, punje zake ndogo tu.

Kuhusu kuchemka, vitabu vinasema nyuzi 100. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, maji yanachemka karibu nyuzi 94, ndo maana maharage huku yanachelewa kuiva na yanakula mkaa kuliko Dar. Mama yeyote aliyehamia huku anajua. Mtoto aambiwe hivyo wakati sufuria iko jikoni (we ndo ushike sufuria, sio yeye), na kwenye mtihani aandike nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari, hayo maneno ya mwisho asiyaache maana bila hayo jibu halijakamilika.