Niliishia Rangwi

Kutoka Lushoto hadi Mtae kwa miguu, kwenye milima ya Usambara, ni siku tatu au nne, inategemea unapita wapi na unasimama mara ngapi kupiga picha. Mimi niliishia Rangwi, kijiji cha njiani. Asubuhi ya siku ya tatu, wenzangu wameshakunywa chai na kufunga mabegi, bado nimekaa ukingoni mwa kitanda namtazama kiatu adui yangu pale chini. Mkono haumfikii. Kila nikiinama, kiuno kinanikamata hadi pumzi inakatika.

Nikatoka na kandambili. Kijana mwenyeji aliyekuwa anatuongoza akaniangalia ninavyoshuka kile kingazi kimoja cha barazani, nimeshikilia ukuta kama bibi harusi anayechezwa. "Dada," akasema, "leo huendi." Hakuuliza.

Tatizo lilianza nyumbani, Dar, kabla hata sijapanda basi. Begi sikulipima. Nililipima baada ya kurudi, likiwa na vitu vilevile: kilo 16, na mimi mwenyewe nina 61. Wazoefu husema begi la safari ya siku kadhaa lisizidi karibu sehemu moja ya tano ya uzito wako, kwa hiyo langu lilitakiwa liishie kilo 12. Maji peke yake yalikuwa lita tano, yaani kilo tano, wakati njia yote ile inapita kwenye vijiji vyenye maduka. Halafu tulipofika Magamba nikanunua kisado kizima cha mapeasi, kwa sababu bei ya pale ukiikumbuka ya Kariakoo huwezi kupita hivihivi. Nikayaweka juu kabisa ya begi, mahali pabaya kuliko pote. Kitu kizito kikae katikati, kigusane na mgongo. Kikiwa juu kinakuyumbisha kila ukikanyaga jiwe.

Kosa la pili ni mkanda wa kiunoni. Nilikuwa naufunga tumboni, kama wa suruali. Shika kiuno chako kwa mikono miwili, utasikia ule mfupa wa nyonga. Mkanda unakaa juu ya mfupa huo na ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo, mabega yanazuia tu begi lisianguke nyuma. Ukiufunga vizuri, vidole vinapita kwa urahisi chini ya kamba za begani. Mimi siku ya kwanza, tukipanda msituni Magamba, kamba zilikuwa zimeniachia alama nyekundu mabegani na bado nikadhani ndivyo safari zilivyo.

Siku ya pili, baada ya Lukozi, mvua ilikuwa imenyesha na ule udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unakuwa sabuni. Nikateleza kwenye mteremko. Sikuanguka, nilijizungusha nikajishika kwenye mti, begi likaenda upande wake na mimi upande wangu. Kitu kikalia "tk" chini ya mgongo. Tukacheka wote. Ningetua begi pale pale na kusema ukweli, huenda nisingekuwa naandika haya. Badala yake nikameza diklofenaki ya kutuliza maumivu, tumbo tupu, maji kidogo, nikatembea saa nne nyingine. Usinifuate katika hilo. Dawa hizo zinaumiza tumbo ukiwa hujala, na figo ukiwa huna maji ya kutosha mwilini. Mimi zilinifanya pia nijione mzima mpaka usiku, zilipoisha nguvu.

Asubuhi ile Rangwi, wenzangu walitaka tugawane mzigo wangu, au tutafute kijana wa kunibebea. Ni wazo zuri kama kinachouma ni mabega. Nikajaribu kuzunguka uwanja mara mbili bila begi lolote, na kiuno kikauma vilevile. Hapo nikaelewa kwamba begi si tatizo tena. Mbele kulikuwa na njia za miguu za kupanda na kushuka, na Rangwi gari linafika. Mgongo ukigoma katikati, itabidi watu wakubebe, na watu wenyewe wana mabegi yao.

Bodaboda walikuwepo wa kutosha. Nikakataa, maana mashimo ya barabara ile yangenimaliza. Nikasubiri gari kwa muda wa karibu saa tatu, nikaomba kiti cha mbele, mama mmoja akanikunjia kanga yake nikaiweka nyuma ya kiuno. Sijawahi kushukuru kanga namna ile.

Hospitali walinipima, wakaniambia ni misuli. Daktari aliuliza kama maumivu yanashuka mguuni, kama mguu umelegea, kama nina ganzi sehemu za siri, kama nashindwa kuzuia haja au mkojo hautoki. Jibu likiwa ndiyo kwa ganzi hiyo, haja au mguu kulegea, usingoje gari la kesho, wahi hospitali saa hiyohiyo. Kwangu hakukuwa na hata moja. Akanikataza kulala kitandani kutwa. Nitembee taratibu, kidogo kidogo. Ilinichukua kama wiki tano kuinama bila kufikiria kwanza.

Kilichouma zaidi, nikiri, ni simu. Jioni ya siku ileile wakatuma picha kutoka Mtae, wamekaa juu ya jabali, tambarare za Mkomazi ziko chini yao na milima ya Upare kule ng'ambo. Nikaziangalia nimelala chali Lushoto, mto chini ya magoti. Mmoja akaandika "ungejikaza tu." Sikumjibu.

Tunarudi mwakani. Begi nimeshalipeleka kwa muuza mkaa wa mtaani kwetu, akalitundika kwenye mzani wake: kilo tisa na nusu, maji yakiwemo. Mapeasi nitayala palepale Magamba, nimesimama.