Msiandike N29I kabla hamjajua mmesoma jeni gani

Rasimu nyingine ya ripoti ya kipimo cha jeni imefika mezani: "Mgonjwa ana R117H, kwa hiyo kongosho sugu (uvimbe sugu wa kongosho) ni la kurithi." Kijana aliyeiandika ni hodari, mkono wake hautetemeki kwenye pipeti, na bado ametutegea kitendawili. R117H maana yake asidi amino ya 117, arginini (R), imegeuka histidini (H); lakini ya jeni gani, mdogo wetu? Kila kundi jipya linatuletea ripoti hii. Kaeni chini, tuyamalize.

1. Jeni kwanza, transkripti (nakala ya RNA tunayohesabia) pili, badiliko tatu. Mwaka 1996 kundi la Whitcomb lilipotangaza badiliko la kwanza la PRSS1 (jeni ya tripsinojeni, chanzo cha kimeng'enya tripsini), lilihesabiwa kwa namba za kaimotripsini, kimeng'enya ndugu, likaitwa R117H. Hesabu iliporekebishwa likawa R122H, na N21I ikawa N29I. Sasa, CFTR (jeni ya ugonjwa wa sistiki fibrosisi) nayo ina R117H yake, ambayo ni halali mpaka leo. Ya PRSS1 hutosha kurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, na takriban 80% ya wanaoibeba hupata mashambulizi ya kongosho. Ya CFTR uzito wake unategemea mfululizo wa besi T ulio nayo kwenye kromosomu ileile: ikiwa na 5T (T tano) ni kali, ikiwa na 7T ni nyepesi. Makala ya zamani mnayoyapakua hayatawaambia hayo. Andikeni NM_002769 (transkripti ya PRSS1), c.365G>A, p.(Arg122His), au NM_000492 (ya CFTR), c.350G>A, p.(Arg117His), msomaji asibahatishe.

2. Jeni jirani. Hapa ndipo penye aibu yetu, na tutakaa hapa kidogo. Sisi wenyewe tumewahi kuisaini ripoti ya namna hii, tena kwa wino mzito.

PRSS1 haiishi peke yake. Iko 7q34 (kwenye kromosomu ya 7), ndani ya eneo la kipokezi beta cha seli T, na jeni za tripsinojeni zimepangwa hapo kama nyumba za mstari mmoja, kila nyumba kama kilobesi 10. Upande mmoja PRSS1, upande wa pili PRSS2, ambayo ni nzima na inatoa tripsinojeni yake kila siku. Katikati yake kuna jeni mfu. Zinafanana mno. Na PRSS2, kwa asili yake, kwenye nafasi ya 29 ina isolusini (I, au Ile), asidi amino ileile ya N29I. Yaani mimi, wewe na yule mlinzi wa getini sote tunayo Ile29, ila ndani ya PRSS2, ambako haina kosa lolote.

Basi kipande cha DNA cha besi 150 kilichosomwa na mashine kutoka PRSS2 kikipangwa juu ya PRSS1, programu inakuandikia c.86A>T, N29I, na wewe unashangilia. Fungua BAM (faili la vipande vilivyopangwa) kwenye IGV (programu ya kuvitazama) kabla ya kushangilia. Vipande vyeupe vyenye MAPQ 0 (alama ya uhakika wa mahali kipande kilipopangwa) ni dalili ya kwanza. Ya pili ni uwiano: heterozaigoti wa kweli (mwenye badiliko kwenye nakala moja kati ya mbili) hukaribia nusu kwa nusu, siyo kipande kimoja kati ya vitano. Ya tatu ni majirani: kama kila kipande chenye T kinabeba pia besi nyingine za PRSS2, kuna uwezekano mkubwa unamsoma jirani.

Lakini msikimbilie upande wa pili mkasema ni kelele tu. N29I ya kweli yenyewe huaminika ilitokana na kipande cha PRSS2 kunakiliwa ndani ya PRSS1, kwa hiyo jirani anaweza kweli kuwa amehamia. Wala msijifiche nyuma ya kichujio: ukitupa kila kipande chenye MAPQ ndogo, eksoni (sehemu ya jeni) ya 2 inabaki na vipande vichache, na ripoti inasema "hakuna badiliko" wakati ukweli ni "hatukusoma". Angalieni kina (idadi ya vipande) cha kila eksoni, siyo wastani wa jeni.

Dawa yake ni PCR ndefu (kunakili DNA) ya PRSS1 peke yake, kisha kuisoma kwa njia ya Sanger. Besi ya mwisho ya praima (kipande kifupi kinachoanzisha unakili), upande wa 3', ikae mahali ambapo PRSS1 inatofautiana na wenzake wote, na joto la kushikiza mlitafute kwa gradienti, yaani kwa kujaribu joto kadhaa. Likiwa chini mno, PRSS2 inaingia bila kubisha hodi, na kwenye jeli mkanda ni mmoja, mzuri, wa saizi sahihi, na wa uongo.

Kwa nini tunapiga kelele? Kwa sababu mwenye badiliko la kweli la PRSS1 na kongosho linaloumwa hufuatiliwa saratani kuanzia miaka 40, au miaka 20 baada ya shambulio la kwanza, na watoto wake huitwa wapimwe. Ukoo mzima unaweza kubebeshwa isolusini ya jirani.

3. Wanaopima R122H kwa AflIII: kimeng'enya hicho hukata DNA penye ACRYGT (R ni A au G, Y ni C au T). DNA ya kawaida hapo ina GCGTGT, haikatwi. G ikiwa A inakuwa ACGTGT, inakatwa, mnafurahi. Ila kuna wagonjwa wenye GC>AT badala ya G>A. Histidini ni ileile, lakini mfuatano ni ATGTGT, na AflIII inaupita kama haujui. Mgonjwa anatoka "safi". Na hata kwa badiliko la kawaida wekeni sampuli inayojulikana kukatwa, maana kimeng'enya kilichokufa nacho hutoa majibu safi.

4. SPINK1 (jeni ya kizuizi cha tripsini) N34S (c.101A>G) siyo hukumu. Asilimia 1 hadi 2 ya watu wenye afya kamili wanaibeba, na wengi wao hawataugua kamwe. Wagonjwa wa kongosho sugu la tropiki huko India na Bangladesh wanayo kwa wingi, ndiyo, lakini iiteni kiongeza hatari. Ile c.194+2T>C ya Uchina na Japani ni habari nyingine: inavuruga uunganishaji wa eksoni.

5. CTRC (jeni ya kaimotripsini C) isomwe yote. Damu ya kipimo ije kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau (ya EDTA), siyo ya heparini.

6. Sampuli zetu za Afrika. Hifadhidata kubwa zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo badiliko kutokuwepo kwenye gnomAD, mojawapo ya hizo, siyo ushahidi kwamba ni baya. Huenda ni la kawaida kabisa Singida, ila hakuna aliyewapima watu wa Singida. Liwekeni kwenye kundi la maana isiyojulikana, na mpime wazazi kama wapo.

7. Fomu ikija bila umri wa shambulio la kwanza, bila pombe, sigara, kalsiamu na trigliseridi, msiiweke kwenye foleni. Pigeni simu wodini. Ndiyo, daktari atakasirika. Pigeni tena baada ya chai.