Dakika kumi za kila siku, hata siku ambazo mwili umetulia

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu limenirudisha mahali nilipokuwa miaka minne iliyopita. Umesema vipimo vyote vimetoka safi, daktari amekuhakikishia kwamba moyo na mgongo wako havina ugonjwa, nawe umekubali kwamba kizunguzungu, kubanwa kifua na maumivu ya mgongo vinatokana na wasiwasi uliokaa mwilini muda mrefu. Ulianza mazoezi ya kupumua na kutulia, yakakusaidia kwa wiki tatu, kisha Jumapili iliyopita dalili zote zikarudi kwa pamoja. Sasa unauliza kama unaanza upya, ni zoezi lipi hasa linaloponya, na kazi hii huchukua muda gani. Nitakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe, pamoja na machache niliyojifunza njiani.

Kwanza kabisa, hujaanza upya. Nalisema hili mapema kwa kuwa najua lilivyo zito asubuhi ile unapoamka na kizunguzungu kilekile ulichodhani umekwisha kukiaga. Ninachokiona katika maelezo yako ni jambo jingine, nalo lilinipotezea mwaka mzima: umeandika kwamba hufanya zoezi kila dalili inapoanza, na kwamba wiki ya tatu, mwili ulipotulia, ulipunguza. Nami nilifanya vivyo hivyo. Moyo ukienda mbio niliacha nilichokuwa nacho mkononi, nikajifungia chumbani na kuanza kupumua. Moyo ukitulia niliyasahau mazoezi hata siku tano. Mwanzoni niliona nafuu ya haraka. Baada ya miezi miwili zoezi lilelile lilikuwa halifanyi kazi tena, nikahitimisha kwamba nimepata ugonjwa ambao madaktari hawakuuona.

Ilinichukua muda kuelewa kilichokuwa kikitokea. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala ina kazi ya kunusa hatari, na ikishaihisi huamsha mfumo wa neva wa kujihami: adrenalini humwagika katika damu, moyo huongeza mapigo, misuli hukaza, tumbo hupunguza kazi yake, na pumzi huwa fupi na za haraka. Mtu akipumua hivyo kwa muda, kaboni dayoksaidi hupungua katika damu, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa kidogo, ndipo kinapokuja kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo. Dalili hizo ni za kweli, wala hujazizua kichwani. Shida ni kwamba amigdala hutazama pia jinsi tunavyoziitikia. Kila nilipokurupuka kwenda kuzizima, nilikuwa nauthibitishia ubongo wangu kwamba kilichotokea kilikuwa hatari kweli, na kwa kuwa nilikuwa nachungulia kila dakika kuona kama zimeondoka, hata pumzi zangu za utulivu zilikuwa na hofu ndani yake. Mazoezi yangu yalikuwa sehemu ya mapambano.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la zoezi lipi ni kwamba aina ya zoezi haina uzito unaoipa. Nilijaribu mengi, na yaliyonifaa yalikuwa ya kawaida sana. Kilichobadilisha mambo ni kuyafanya kila siku, saa ileile, kwa kiasi kilekile, bila kujali mwili ulivyoamka, na bila kuyadai yaondoe chochote siku hiyo.

Nikueleze yalivyokuwa. Niliamka, nikaketi ukingoni mwa kitanda kabla ya kushika simu, miguu yote miwili ikigusa sakafu. Kiganja cha kulia nilikiweka chini ya mbavu, mahali tumbo linapoinuka mtu akivuta pumzi. Nilivuta pumzi puani kwa hesabu ya nne, nikaitoa kwa hesabu ya sita, taratibu, kama anayepuliza kikombe cha chai bila kutaka kuimwaga. Hiyo ni sekunde kumi kwa pumzi moja, yaani pumzi sita kwa dakika. Dakika tano ni pumzi thelathini. Utoaji ni mrefu kuliko uvutaji kwa sababu tunapotoa pumzi neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, huupunguza kidogo mwendo wa moyo, na jambo hilo unaweza kulihisi mwenyewe ukitulia. Dakika tano zilizobaki nilizitumia kukaza na kulegeza misuli, kundi moja baada ya jingine, kuanzia vidole vya miguu hadi taya. Njia hiyo ni ya zamani. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson aliifanyia kazi tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Taya langu ndilo lililonishangaza. Kwa wiki kadhaa sikujua kwamba nililala na kuamka meno yakiwa yamebanana, hadi nilipolikaza kwa makusudi na kuliachia, nikahisi uso mzima ukishuka.

Nikimaliza niliweka alama ya kalamu ya risasi kwenye kalenda ya ukutani. Alama hiyo ilimaanisha kwamba nimefanya, basi. Sikuandika nilivyojisikia. Awali nilikuwa na daftari la kupima kila dalili kwa alama ya moja hadi kumi, asubuhi, mchana na jioni, na daftari lile lilinifanya niutafute mwili wangu kutwa nzima kama askari wa doria. Nililiacha, na nakusihi nawe uliache la kwako ulilolitaja, walau kwa miezi miwili.

Zoezi la pili lilikuwa la mchana, na hili naliona kuwa muhimu kuliko la asubuhi, ingawa watu hulizungumzia kidogo. Kazini kwangu palikuwa na ngazi yenye vidato 22. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilipofika kama kidato cha tisa nilisimama, nikabonyeza vidole viwili shingoni na kuhesabu mapigo. Nilidhani ninajilinda. Mshauri nasaha niliyemwona aliniambia kwamba mkono ule shingoni ulikuwa unaulisha wasiwasi wangu kila siku, akanipa kazi moja: nipande ngazi ile kila siku mara moja, mwendo wa kawaida, mkono ukae kwenye kishikio cha ngazi, nisihesabu. Moyo ukidunda, uachwe udunde, maana moyo wa mtu anayepanda ngazi unapaswa kudunda. Wanasaikolojia hulitumia jambo la namna hii kwa makusudi. Humwelekeza mgonjwa kuzunguka kwenye kiti au kukimbia akiwa amesimama mahali pamoja, ili azoee hisia anazoziogopa hadi ubongo uone kwamba hazina madhara. Siku ya kwanza nilifika juu nikiwa nimelowa jasho, kiganja kimeganda kwenye kishikio. Wiki ya kwanza yote ilikuwa hivyo. Sikumbuki ni siku gani hasa nilifika juu nikiwa nawaza jambo jingine kabisa. Nilitambua baadaye, nikiwa nimekwisha kuketi mezani.

Kuhusu mgongo wako, nitakueleza kwa ufupi. Ripoti ya picha yangu ya MRI ilisema diski imechakaa (diski ni tabaka laini lililo kati ya mifupa ya uti wa mgongo), na maneno hayo mawili yalinitia hofu kwa miezi. Kumbe mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba uchakavu wa diski huonekana kwa takriban asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na asilimia 96 ya wale wa miaka 80. Kisha mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, walitoa matokeo ya jaribio la watu 151 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu yasiyo na ugonjwa mahususi nyuma yake. Kundi moja lilifundishwa kwa wiki nne kuyatazama maumivu kama kengele ya ubongo uliozidisha tahadhari. Asilimia 66 ya watu wa kundi hilo walimaliza wakiwa hawana maumivu au wana kidogo sana, ilhali waliodungwa sindano ya maji ya chumvi isiyo na dawa walikuwa asilimia 20, na walioendelea na matibabu yao ya kawaida asilimia 10. Nayataja haya kwa sababu ujuzi huo ndio ulioniwezesha kukaa na maumivu kwa dakika kumi asubuhi bila kuyasukuma, nikiyaangalia tu: yako wapi, ni ya moto au ya kuvuta, yanatulia au yanahama. Ujuzi peke yake haukunitosha, maana nilikuwa nimekwisha kuyasoma hayo yote nikiwa bado ninaumwa. Kusoma habari za waliopona kwa saa tatu kila usiku, jambo ambalo nalo nimelifanya, hakukunisaidia. Kulikuwa ni njia nyingine ya kutafuta uhakika.

Sasa muda. Kuna utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010, ambamo watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kufanya kila siku, wakafuatiliwa kwa wiki 12. Muda uliokadiriwa hadi jambo hilo lijiendee lenyewe bila kusukumwa ulikuwa kati ya siku 18 na 254, na katikati yake siku 66. Utafiti huo ulihusu mazoea wala haukuhusu kupona, lakini ulinisaidia kwa mambo mawili. Kwanza, uliniondolea wazo kwamba wiki tatu zinatosha. Pili, watafiti waliona kwamba kuruka siku moja hakuharibu kwa kiasi cha maana zoea lililokuwa likijengwa. Mimi ni mtu wa kuvunjika moyo upesi. Zamani nikiruka siku moja niliona yote yameharibika, nikaacha. Baada ya hapo nilijiwekea kanuni moja tu: nikiruka leo, kesho nafanya, bila kufidia.

Kwangu ganzi ya vidole ilipotea kwanza, nadhani ndani ya miezi miwili. Kubanwa kifua kulichukua miezi mitano. Mgongo ulikuwa wa mwisho, na ulikuwa ukiondoka na kurudi kwa karibu mwaka. Nakuomba usiichukue ratiba hii kuwa kipimo chako.

Nilirudi nyuma nami, katika mwezi wa nne wa mazoezi yangu, baada ya msiba katika familia yetu. Dalili zilikuja zote, na mpya juu yake, koo kubanwa kama limekwama kitu. Hapo nikafanya kosa ambalo naliona likikunyemelea katika mstari wako wa mwisho, uliposema unafikiri kuongeza mazoezi yafike saa mbili kwa siku. Mimi nilifikia saa mbili na nusu. Nilipumua, nikakaza na kulegeza, nikaandika, nikarudia. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, na kila zoezi lilikuwa limegeuka mtihani. Mshauri wangu aliponisikiliza hakunipa mbinu mpya. Aliuliza tu, "Kalenda yako inasemaje?" Nikamwambia alama zipo. Akasema, "Basi rudi kwenye dakika zako kumi." Nilikasirika kidogo, kwa sababu nilitaka dawa kubwa kwa shida kubwa. Lakini ndivyo nilivyofanya, na nguvu nyingine nikazitumia kulia msiba wangu, jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa kushughulika na mwili.

Siku ambazo mwili umetulia ndizo ngumu zaidi, na ndizo ninazozithamini kuliko zote. Unapopumua ukiwa salama, bila moto wa kuzima, mwili unajifunza njia ya kurudi kwenye utulivu wakati hakuna kinachouzuia, kama mtu anayejifunza kuogelea maji yakiwa shwari. Ukingoja wimbi ndipo ujifunze, utameza maji mengi. Hivyo wiki yako ya tatu, ile uliyopunguza, ilikuwa wiki ya kuendelea bila kubadilisha chochote.

Mambo machache ya tahadhari, kwa sababu yananikera pale watu wanapoyaruka. Haya yote yanakuhusu kwa kuwa umepimwa. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kupungua uzito bila sababu, homa isiyoisha, au kushindwa kuzuia haja ni mambo ya daktari bila kuchelewa, hata kama umezoea kuita kila kitu wasiwasi. Kama unatumia dawa za wasiwasi, usiziache ghafla kwa kuwa mazoezi yanakwenda vizuri. Zungumza na aliyekuandikia. Na likikujia wazo la kutotaka kuishi, usilipeleke kwenye zoezi lolote, mwambie mtu wa karibu na utafute msaada wa kitaalamu wakati huohuo.

Kesho asubuhi, basi, utaamka na kizunguzungu, pengine na kifua kimebana. Keti ukingoni mwa kitanda, weka mkono chini ya mbavu, fanya dakika kumi zilezile ulizozifanya siku ya kwanza, usiongeze hata moja. Ukimaliza na kizunguzungu bado kipo, weka alama yako kwenye kalenda, uamke nacho, ukaoge.