Bima ya nyumba Lamu: anza na kurasa za nyuma

Ndugu uliyeuliza kuhusu nyumba ya mawe uliyorithi Langoni, Lamu, na wewe mwenyewe unaishi Mombasa: umesema wakala amekukabidhi mkataba wa kurasa nyingi, na unataka kujua bima hiyo inalipa nini, hailipi nini, na kama dhahabu za mama zimo. Mimi niko Malindi. Nina nyumba yangu, na nasimamia nyingine ya ndugu yangu aliye Uarabuni. Nimewahi kudai fidia nikalipwa, na nimewahi kudai nikanyimwa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Usianzie ukurasa wa mbele. Huko kampuni zote zinafanana: moto, radi, mlipuko, dhoruba, mafuriko, mabomba kupasuka, wizi wa kuvunja, hata kuangukiwa na ndege au kugongwa na gari au mifugo. (Hapo kwenye mifugo, watu wa Lamu muulize habari za punda.) Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya visivyolipiwa na ile ya masharti. Hapo ndipo utaijua bima uliyonunua.

Nianze na niliyolipwa. Wakati wa kaskazi, banda la makuti la jirani lilishika moto, upepo ukarusha cheche hadi paa la baraza yangu, nalo la makuti. Asesa, yaani mkaguzi wa hasara anayetumwa na kampuni, alipokuja, kabla hajatazama majivu, alitoa fomu niliyojaza siku ya kukata bima akasoma pale palipoulizwa paa limeezekwa kwa nini. Pameandikwa makuti, na nililipa zaidi kwa sababu hiyo. Mazungumzo yakawa mepesi. Alitaka picha, risiti, abstrakti ya polisi (karatasi ya kuthibitisha umeripoti) na makadirio ya fundi. Nikalipwa, pungufu ya kile kiasi ambacho mkataba unasema mwenye nyumba atabeba mwenyewe. Nyumba yako ni ya mawe, lakini kama huko juu kuna kipaa cha makuti kama nyumba nyingi za Lamu, kiandikishe. Ukikificha, kampuni ina sababu ya kukataa dai zima.

Niliyonyimwa ni ya nyumba ya ndugu yangu. Masika yalipoanza paa lilivuja, dari ikaanguka juu ya kabati na magodoro. Mimi nikasema dhoruba. Asesa akapanda ngazi, akashuka na kipande cha bati kilichogeuka unga wa kutu. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula mabati na misumari miaka mingi, mvua ilikuja kumalizia tu. Barua ya kukataa ilinikera, lakini walikuwa na haki. Bima hulipa jambo la ghafla lisilotarajiwa. Kutu, mchwa, unyevu unaopanda ukutani, boriti iliyooza, chokaa inayobambuka: hayo ni matengenezo, na kwetu pwani ndiyo yanayoangusha nyumba nyingi kuliko moto. Ukijua hivyo utatenga fedha ya fundi kila mwaka mbali na fedha ya bima.

Halafu kuna nyumba tupu, na hili linakuhusu zaidi ya lolote. Mikataba mingi inasema nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo, kinga ya wizi, na mara nyingine ya maji, inasimama mpaka watu warudi. Wewe uko Mombasa. Zungumza na wakala akuandikie kibali, au weka mtu anayelala humo kweli, si wa kuja kufagia Ijumaa. Na kama unakusudia kuipangisha kwa watalii, mwambie mapema. Hiyo ni biashara, na bima ya makazi ya kawaida haikuandikwa kwa ajili yake. Hapa Malindi najua wenye nyumba za wageni wanaotembea na bima ya makazi mfukoni wakidhani wako salama.

Sasa thamani. Unayokatia bima ni gharama ya kuijenga upya nyumba, wala si bei ambayo ungeiuza, kiwanja hakiungui. Tuseme kuijenga upya ni milioni 8, nawe umeandika milioni 4 ili ulipe kidogo. Jiko likiungua kwa hasara ya milioni 1, hawakupi milioni: umekatia nusu, watalipa nusu, yaani laki 5, na bado watakata kile kiasi unachobeba mwenyewe. Watu wengi hushtuka hapa kwa sababu hasara yao ilikuwa ndogo kuliko kiwango walichoandika. Lamu hesabu hii ni kali zaidi. Mawe, chokaa na boriti huja kwa chombo, mafundi wanaojua kazi ile si wengi, na Mji wa Kale umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, hivyo huwezi kuamua tu kuinua simiti na mabati. Mwite mtu wa makadirio anayezijua nyumba za mawe. Usichukue namba ya wakala aliyezoea nyumba za Nairobi.

Ghasia za kisiasa na ugaidi huwa nje ya mkataba wa kawaida, na hununuliwa kando. Wakenya wengi walilijua hilo baada ya vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008. Kwa kaunti iliyopitia mashambulizi ya Mpeketoni 2014, mimi ningeuliza bei yake.

Mengine kwa haraka. Jengo na vyombo, yaani vitu vya ndani, ni sehemu mbili tofauti. Unaweza kuwa na moja bila nyingine, na bima inayodaiwa na benki ya mkopo kwa kawaida ni ya jengo tu. Mtumishi wa nyumbani akiumia kazini ana sehemu yake, inayofuata sheria ya 2007 ya fidia kwa wafanyakazi. Na hakikisha umelipa: sheria yetu ya bima, kifungu cha 156, haitambui kinga ya kukopa, ya kukata bima leo ukalipe baadaye.

Dhahabu za mama. Zikiwa ndani ya nyumba zinahesabiwa kwenye vyombo, lakini vitu vya thamani huwekewa kikomo kidogo, na kwa wizi wengi hutaka alama za kuvunja mlango au dirisha. Mama akizivaa harusini Mkomani bangili ikapotea, sehemu ya vyombo haimsaidii. Kuna sehemu ya vitu vya kubeba, ambako kila kipande huandikwa kwa jina na bei. Zipeleke kwa sonara azipime, akupe karatasi yenye uzito na thamani ya kila kimoja, upige na picha. Karatasi hiyo usiiweke kwenye sanduku moja na dhahabu.