Gari la zamani la dizeli: leo kilomita 10 kwa lita, kesho 8

Kaka, ukiona ulaji wa mafuta unapanda na kushuka hivi, kabla hujamwita fundi afungue nozeli (vinyunyizio vya dizeli kwenye injini), angalia unavyojaza. Dizeli hutoa povu, na povu likifika kwenye mdomo wa pampu, pampu inakata hata kama tenki halijajaa. Tuseme gari linakula lita 42 kwa kilomita 380, yaani kama 9 kwa lita. Povu likikuachia nafasi ya lita 5 utaandika 37, ukapata 10.3. Safari inayofuata pengo hilo linajazwa, unaandika 47, inashuka hadi 8.1. Gari ni lilelile!

Kwa hiyo jaza kituo kimoja, pampu ileile, gari likiwa limesimama pasipo na mteremko. Ikikata, subiri povu lishuke, kisha ongeza taratibu mpaka ikate tena. Rudisha tripu (kihesabu kilomita za safari kwenye dashibodi) sifuri, andika lita na kilomita. Hizi za "nitilie ya elfu ishirini" hazikupi hesabu yoyote. Fanya tenki nne, jumlisha kilomita zote, gawanya kwa lita zote.

Na kama uliweka tairi kubwa kuliko za awali, odomita (mita ya kilomita) inasoma pungufu, utadhani gari linakunywa zaidi.

Wastani ukiendelea kushuka, hapo sasa ni ufundi: upepo wa tairi, eya klina (kichujio cha hewa), breki zinazoshika, thamostati (vali inayodhibiti joto la injini) iliyokwama wazi injini isipate joto. Moshi mweusi unatoka? Kagua pia mipira ya turbo (inayopeleka hewa kwenye injini).